Maisha ya Nyumbani Baada ya Mshtuko wa Moyo

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Nyeri



Kwa desturi yetu karani husoma hesabu za mwaka, kisha huketi. Mara hii nimeagizwa niongeze neno juu ya afya, nami nimechagua jambo ambalo limekwisha kuingia katika nyumba nyingi za wanachama wetu, tangu Othaya hata Karatina, na tangu Nanyuki hata Kerugoya. Nataka kusema juu ya maisha ya mtu aliyepata mshtuko wa moyo, akatibiwa, akarudishwa nyumbani kwake akiwa hai.

Mimi si daktari. Nitakayoyasema juu ya tiba ni yale ambayo madaktari huwaambia wagonjwa wao kwa jumla, na kila mgonjwa hana budi kufuata maagizo ya daktari wake mwenyewe, maana mioyo haifanani. Lakini daktari humwona mgonjwa dakika chache tu katika mwezi. Siku zilizobaki mgonjwa huyo yu pamoja nasi, yaani mkewe au mumewe, watoto wake, jirani zake na chama chake. Ni juu ya siku hizo ningependa tusemezane.

UGONJWA WENYEWE

Moyo ni msuli usiopumzika. Kazi yake ni kusukuma damu mwilini mwote, nao wenyewe hulishwa na mishipa midogo iliyouzunguka. Kwa miaka mingi mafuta huweza kujijenga katika kuta za mishipa hiyo, mpaka siku moja donge la damu likaganda hapo na kuziba njia. Sehemu ya msuli iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo hukosa hewa safi, na isipookolewa upesi hufa. Huo ndio mshtuko wa moyo.

Mtu huhisi kifua kimebanwa kana kwamba kimewekewa mzigo, na maumivu huenea mkononi, shingoni au tayani. Hutokwa na jasho la baridi na kukosa pumzi. Wengine, hasa wanawake na watu wenye kisukari, huona kichefuchefu na uchovu tu, wakadhani ni tumbo. Mtu wa namna hiyo asingojeshwe mpaka kupambazuke. Apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama gari ni la kuazima.

Wazee huuliza: maradhi haya zamani yalikuwa wapi? Swali lao ni la haki. Mwaka wa 1929 daktari mmoja Mwingereza, C. P. Donnison, aliyekuwa akifanya kazi Kavirondo ya Kusini, alitangaza katika gazeti la madaktari la London matokeo ya kupima shinikizo la damu la Waafrika elfu moja. Hakuona shinikizo likipanda kadiri watu walivyozeeka, kama lilivyokuwa likipanda Ulaya. Miaka sitini hivi baadaye, watafiti wengine waliwafuata watu waliohama vijiji vya Nyanza kwenda kuishi Nairobi, wakaona shinikizo lao likipanda mapema baada ya kufika mjini, pamoja na uzito wa mwili na chumvi waliyokula. Basi twajua kwamba damu yetu haina laana wala kinga. Mwili hufuata namna tunavyoishi. Tukila chumvi nyingi na mafuta mengi, tukivuta tumbaku na kukaa kitako mchana kutwa, mishipa itatudai.

Nasi makarani tujiangalie. Mwaka wa 1953 daktari Jerry Morris alichapisha uchunguzi wake juu ya watu wa mabasi ya London. Dereva na kondakta walifanya kazi katika gari moja na kwa saa zile zile, lakini dereva aliketi siku nzima, na kondakta alipanda na kushuka ngazi za basi la ghorofa akikata tikiti. Madereva ndio walioshikwa zaidi na ugonjwa wa moyo, na ulipowashika uliwaua zaidi.

KUTOKA KITANDANI HADI KITINI

Zamani madaktari wenyewe waliamini kwamba moyo ulioumia hupona kwa kulazwa tu. Mgonjwa aliwekwa kitandani majuma manne, hata sita, asiruhusiwe kuinuka, na pengine akalishwa kwa mkono wa muuguzi. Wengi walipona moyo wakafa kwa donge la damu lililofanyika miguuni kwa sababu ya kulala, likapanda mapafuni. Mwaka wa 1952 madaktari wawili wa Boston katika Marekani, Samuel Levine na Bernard Lown, waliandika kwamba wamewatoa wagonjwa wao kitandani mapema na kuwaketisha kwenye kiti kila siku, na kwamba wagonjwa hao hawakudhurika. Nyuso zao zilichangamka, na hofu yao ikapungua. Kiti kile ndicho kilichofungua mlango wa tiba ya leo, ambayo humsimamisha mgonjwa na kumtembeza mapema kadiri hali yake inavyoruhusu.

Mwaka wa 1955, tarehe 24 Septemba, Rais Eisenhower wa Marekani alishikwa na mshtuko wa moyo akiwa katika mji wa Denver. Daktari bingwa wa moyo, Paul Dudley White, aliitwa kumtazama, naye akawaeleza wananchi waziwazi juu ya ugonjwa huo, jambo ambalo halikuwa desturi siku zile. Rais alikaa hospitali majuma saba hivi. Alikuwa amezoea kuchora picha za rangi kwa kujifurahisha, na katika kupona kwake aliishika tena brashi yake. Mwaka uliofuata alirudi katika mchezo wa gofu, akasimama katika uchaguzi, akashinda. Aliishi mpaka mwaka wa 1969. Ulimwengu ukaona kwamba mtu aliyepatwa na mshtuko wa moyo aweza kurudi kazini, tena kazi kubwa.

MZEE WA PAXTU

Lakini hatuna haja ya kwenda mbali hivyo kutafuta mfano. Hapa Nyeri, katika uwanja wa hoteli ya Outspan, iko nyumba ndogo iitwayo Paxtu. Aliyejengewa nyumba hiyo ni Lord Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti. Alikuwa mtu wa safari zisizokwisha, na alipopita umri wa miaka themanini moyo wake ulichoka, madaktari wakamwagiza aache kuzunguka na apumzike. Alikuja kukaa Nyeri mwaka wa 1938, yeye na mkewe Olave, akaishi hapa mpaka alipofariki tarehe 8 Januari 1941. Kaburi lake liko katika makaburi ya Kanisa la Mtakatifu Petro, linaelekea Mlima Kenya.

Je, mzee huyo aliyezoea kuendesha mikutano ya maelfu ya vijana alifanya nini alipoambiwa akae? Alichora. Alikuwa na kipawa cha kuchora kwa mkono wa kulia na kwa wa kushoto, naye akageukia ndege na wanyama wa nchi hii. Kati ya mwaka wa 1938 na 1940 vilitoka vitabu vyake vitatu, viwili katika hivyo vikiwa vya wanyama, ndege na picha za Kenya. Aliandika barua nyingi. Miaka miwili na zaidi aliyoishi hapa ilikuwa miaka ya mtu mgonjwa, lakini si ya mtu aliyekaa bure.

Baada yake nyumba hiyo hiyo ilikaliwa na Jim Corbett, mwindaji mashuhuri wa India, pamoja na dada yake. Naye alikuwa mzee, naye aliandika. Kitabu chake cha mwisho kilisimulia usiku wa Februari 1952 pale Treetops, katika msitu wa Aberdare, ambapo binti mfalme Elizabeth alilala akaamka akiwa malkia. Corbett alikufa hapa Nyeri kwa ugonjwa wa moyo tarehe 19 Aprili 1955, na kitabu kikatoka mwaka huo huo. Makaburi yao yako katika uwanja mmoja.

Najua atakalosema mzee mmoja pale nyuma: wale walikuwa wageni wenye nafasi, walikuwa na watumishi wa kuwatekea maji na kuwapasulia kuni, ni rahisi kuchora ndege ikiwa kuna mtu wa kukupikia. Neno hilo ni kweli, nami silipingi. Mwanachama wetu akitoka hospitali hurudi kwenye shamba lililo katika mteremko, ng'ombe anayelia zizini, karo ya shule, na deni la mbolea. Kwa sababu hiyo tusimwige mzee wa Paxtu katika starehe yake. Tujifunze kwake jambo moja tu, kwamba mikono iliyokatazwa kazi nzito hutafutiwa kazi nyepesi, na kazi hiyo iwe ya kupendeza.

MAKOSA MAWILI

Katika nchi yetu nimeona wagonjwa wa namna mbili. Wa kwanza ni yule anayerudi nyumbani Jumamosi, na Jumatatu yu shambani na pampu ya kunyunyizia kahawa dawa mgongoni, yenye lita ishirini, kwa kuwa hataki watu waseme amekwisha. Huyo hujiua kwa fahari. Kunyanyua mizigo mizito, kusukuma mkokoteni, kupasua magogo, na kubeba gunia kwa ukanda wa kichwani hupandisha shinikizo la damu ghafula, na moyo usiopona vema hauwezi kustahimili.

Wa pili ni yule anayeketi barazani akafunikwa blanketi, asiruhusiwe hata kuinua kikombe chake mwenyewe. Watoto humwambia, "Baba, keti." Mkewe humwambia, "Mzee, tulia." Wote wamwambia kwa mapenzi. Lakini miguu yake hunyauka, usingizi wa usiku humtoroka kwa sababu amesinzia mchana, na moyoni mwake huingia wazo kwamba hana tena faida.

Mume wa shangazi yangu alikuwa seremala. Alipotoka hospitali wanawe walifungia randa, misumeno na mbao zake zote stoo, wakaficha ufunguo. Kwa miezi miwili alikaa akitazama barabara. Dawa alikunywa, chakula alikula, na daktari alisema moyo unaendelea vizuri. Lakini yeye alizidi kukonda na kunyamaza, asijibu hata salamu za wajukuu. Siku moja shangazi alimpa mwiko uliopasuka, akamwuliza kama wafaa kutengenezwa. Alidai kisu. Alichonga mwiko mpya siku tatu, polepole, akiwa ameketi kwenye kiti chake. Baada ya huo akachonga mwingine, na baadaye akaanza kutembea mwenyewe hadi ukingo wa shamba kutafuta matawi ya kufaa. Daktari alikuwa amemwagiza atembee, naye alikuwa amekataa. Miko ndiyo iliyomtembeza. Leo hawezi kutengeneza mlango, wala hatajaribu. Lakini jikoni kwetu hatununui mwiko, na wajukuu huitikiwa salamu zao.

Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

SIKU YA MTU ANAYEPONA

Sasa niseme juu ya siku yenyewe, tangu asubuhi.

Dawa hunywewa kila siku kwa saa yake, hata mtu akijiona mzima. Wengi huziacha mwezi wa tatu kwa kuwa kifua hakiumi tena, au kwa kuwa fedha zimepunguka, au kwa kuwa mtu fulani sokoni amewapa mizizi. Kifua hakiumi kwa sababu dawa zinafanya kazi. Mwenye kutaka kutumia dawa za mizizi amwambie daktari kwanza, na mwenye kukosa fedha aseme mapema. Aliyepewa kidonge cha kuweka chini ya ulimi akae nacho mfukoni popote aendapo, na maumivu ya kifua yasipotulia kwa dakika tano asiseme yatapita, apelekwe hospitali.

Kutembea ndiyo tiba isiyouzwa. Mtu huanza kwa dakika tano au kumi katika njia tambarare, mara mbili kwa siku, akaongeza dakika chache kila juma, mpaka afikie nusu saa karibu kila siku. Kipimo chake ni rahisi: akiweza kusema na mwenzake wakitembea, mwendo unamfaa, akikosa pumzi ya kusema, apunguze. Akiumwa na kifua, asimame.

Lakini hapa kwetu njia tambarare ni adimu. Mji wa Nyeri uko juu ya usawa wa bahari zaidi ya mita 1,700, na Nanyuki iko juu zaidi, na ardhi yetu imekatwakatwa na mito inayotoka mlimani na Aberdare. Basi nawapa shauri la mwenyeji: mgonjwa atembee kwa urefu wa mgongo wa kilima, asivuke bonde. Njia iendayo juu ya mgongo huinuka kidogo kidogo. Njia ishukayo mtoni ni nyepesi kwa kwenda, na katika kurudi ndipo moyo hudaiwa. Wengi wamedanganywa na mteremko. Kadhalika, asitoke mapema katika baridi ya Julai, wakati ukungu umelala mpaka saa nne, kwa maana baridi hukaza mishipa ya damu. Angoje jua, avae kofia na sweta.

Juu ya chakula sitasema mengi, kwa kuwa chakula cha bibi zetu ndicho kinachosifiwa na madaktari. Githeri ya mahindi na maharagwe, njahi, nduma, viazi vitamu, mboga za majani na ndizi ni vyakula vyema. Vinavyoharibu ni mafuta magumu ya mkebe tunayomimina juu yake, na chumvi. Shirika la Afya la Ulimwengu lashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na katika kijiko hicho huhesabiwa hata chumvi iliyo ndani ya mkate na ile ya nyama choma. Sukari katika chai nayo ipunguzwe.

Tumbaku iachwe kabisa, na ugoro pia, ingawa wazee watanikunjia uso. Sigara huharibu mishipa na kuifanya damu igande upesi, na anayeiacha baada ya mshtuko hupunguza sana hatari ya kushikwa tena. Wenzetu wa Meru na Embu nao wajue kwamba miraa na muguka huukimbiza moyo na kupandisha shinikizo la damu. Pombe, hata muratina ya sherehe, mtu asiionje mpaka amwulize daktari.

Naomba radhi kwa wazee na akina mama niguse jambo la faragha. Watu wengi, wake kwa waume, huogopa kurudia maisha ya ndoa baada ya ugonjwa huu, na kwa kuona haya hawaulizi, hata baridi ikaingia nyumbani. Madaktari husema kwamba aghalabu mtu awezaye kupanda ngazi za ghorofa mbili bila maumivu wala kukosa pumzi aweza kurudia. Na aulize, daktari amekwisha kuulizwa hilo mara nyingi. Ila asithubutu kununua dawa za kuongeza nguvu kwa siri, kwa maana zikikutana na kile kidonge cha chini ya ulimi zaweza kumwua.

URAIBU WA MTU ANAYEPONA

Neno uraibu huwatisha wengine, kwa kuwa hutumiwa pia kwa ulevi. Mimi nalitumia kwa maana ya kazi aipendayo mtu kwa ajili ya raha yake, asiyotumwa na mtu. Mgonjwa wa moyo auhitaji uraibu kama aihitajivyo dawa. Madaktari wameona kwamba huzuni kubwa huwapata wengi baada ya mshtuko wa moyo, na kwamba mwenye huzuni huacha dawa, huacha kutembea, na hali yake huwa mbaya kuliko ya mwenzake. Huzuni hiyo si ulegevu wala si ukosefu wa imani. Ikizidi majuma mawili, daktari aambiwe. Lakini nyingi katika hizo huanzia katika mikono iliyokaa bure.

Nitataja michache tu, kila mtu ajichagulie.

Kitalu cha miche ni kazi njema kuliko zote kwa watu wa mlimani. Profesa Wangari Maathai, binti wa Ihithe katika Nyeri hii, alianzisha harakati yake ya kupanda miti mwaka wa 1977, na mwaka wa 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Kazi ile ilikuwa mikononi mwa wanawake wa vijijini waliotia mbegu katika mikebe na kuzinyunyizia maji. Mgonjwa aweza kuketi kwenye kigoda akajaza udongo, akatia mbegu, akapandikiza. Jembe lishikwe na kijana, na maji yaletwe na kijana, ila kwa kopo dogo mzee anyunyize mwenyewe. Mche humlazimisha mtu aamke na kwenda kuutazama, na baada ya miezi michache waweza kuuzwa.

Mchezo wa bao, ambao Wakikuyu huuita giuthi, hukusanya marafiki bila gharama, na huichangamsha akili. Drafti vivyo hivyo. Ila uchezwe bila fedha, kwa kuwa fedha huleta hasira.

Akina mama waliozoea kusuka viondo waendelee, maadamu kamba zimekwisha kutayarishwa na wasiinamie muda mrefu. Kufuga kuku wachache au sungura kwafaa. Kutazama ndege hakuhitaji kitu ila macho na subira. Msitu wetu na bustani zetu zina ndege wengi, na mzee wa Paxtu hakuwamaliza kuwachora.

Na kwa wale wajuao kalamu, nawaomba waandike. Wazee wetu wajua mipaka ya mashamba ya zamani, majina ya vijito, ukoo wa kila nyumba, na mambo yaliyotendeka katika miaka ya Hali ya Hatari iliyoanza mwaka wa 1952. Mambo hayo hayajaandikwa, na kila mazishi huchukua sehemu yake. Asiyejua kuandika amwambie mjukuu, naye mjukuu aandike. Mzee atapata wa kuzungumza naye, na mtoto atapata urithi ambao hautagawanywa na mahakama.

YATUPASAYO KAMA CHAMA

Bwana Mwenyekiti, sasa nafika penye neno lililonileta. Mimi ndiye nitunzaye daftari la michango. Katika daftari hilo kurasa za mazishi ni nyingi, nazo zimejaa. Mwanachama akifa, twakutana kila jioni, twachanga, twakodi mabasi, twanunua jeneza zuri. Hayo ni mema, wala siombi tuyaache. Lakini kurasa za wagonjwa wanaopona ni chache mno, na za dawa zao baada ya mwezi wa kwanza hazipo. Mtu akiwa mahututi twamchangia. Akipona nusu, twamsahau mpaka afe. Fedha ambazo zingalimnunulia dawa za miaka twazitoa kwa siku moja, naye hawezi kuziona.

Basi naleta mapendekezo manne, mkutano uyajadili.

Kwanza, sehemu ya mfuko wa mazishi itengwe iwe Mfuko wa Wanaopona, itumike kwa dawa za kila mwezi na nauli ya kwenda kliniki, iwe ni Tumutumu, Mathari, Chogoria au hospitali kuu ya Nyeri. Stakabadhi zitaletwa kwangu, nami nitazisoma hapa kila mwaka kama ninavyosoma nyingine.

Pili, kumtembelea mgonjwa kuwe na taratibu. Kundi la watu ishirini wanaoingia chumbani, wakaomba kwa saa nzima, wakasimulia habari za waliokufa kwa ugonjwa ule ule, halimsaidii mtu. Waende wawili wawili, wakae nusu saa, na badala ya kuketi wamtoe nje watembee naye. Mwenye kuzuru na atembee. Hiyo ndiyo zawadi.

Tatu, mwanachama anayepona asiondolewe katika kazi za chama. Atafutiwe kazi ya kiti: kuhesabu kura, kuhakiki orodha, kufundisha vijana desturi, kusuluhisha wagombanao, ikiwa ugomvi si mkali. Jina lake liitwe katika mkutano, aitike.

Nne, shinikizo la damu lipimwe katika kila mkutano mkuu, na wauguzi walio miongoni mwetu waombwe kufanya kazi hiyo. Shinikizo kubwa halina sauti. Wengi wa walio ndani ya ukumbi huu hawajapimwa, nami naona baadhi yao wakitazama dirishani.

Wazee wangu, ndugu zangu, Mlima Kenya una urefu wa mita 5,199, na waupandao hulala njiani usiku mmoja na zaidi ili miili yao izoee hewa nyepesi. Wakimbiliao kilele ndio wanaoshushwa kwa machela. Mtu anayepona moyo naye yumo katika safari ya namna hiyo, na chama ndicho kambi yake ya njiani. Akikuta moto umewashwa na watu wanamngoja, ataendelea.

Naomba mapendekezo haya yaingizwe katika kumbukumbu za mkutano, yajadiliwe kabla ya hesabu za mazishi kusomwa.